Matarumbeta Yaliyosubiri

Mimi naitwa Sitara. Nauza nguo za mitumba sokoni Mchikichini pamoja na wifi yangu, Shamsa. Asubuhi tunafungua robota, tunachambua blauzi na kutaniana. Wifi anasema nina mdomo. Ni kweli ninao, na sijawahi kuuficha.

Mwaka mmoja utani wetu ulikatika. Ismail, mtoto wa pekee wa wifi, alihukumiwa kunyongwa. Mahakama Kuu ilisema ni mmoja wa majambazi waliomuua Hafidhi, mwenye duka la simu mtaani kwetu.

Shahidi alikuwa jirani yetu, Mzee Sadalla. Alisema alimwona Ismail akikimbia kutoka dukani. Tena polisi walileta karatasi ya maelezo, na ndani yake Ismail amekiri. Mahakamani Ismail aliikana. Alisema alipigwa mpaka akatia sahihi.

"Sahihi ni yake," wifi alilia. "Nani atamsikiliza tena?"

Mimi nilipandwa na hasira. Kwetu mwongo anasutwa. Wanawake tunavaa sare, tunakodi matarumbeta, tunaenda mpaka mlangoni kwake na kumpa ukweli wake mbele za watu. Nikampigia simu Zahoro, mpiga tarumbeta.

"Wifi, mwanamume hasutwi," Shamsa alisema.

"Huyu atakuwa wa kwanza."

Tulikuwa tunachagua khanga za sare alipofika mteja wetu Leticia. Leticia ni wakili, na blauzi zake zote ananunua kwetu.

"Harusi ya nani hiyo?" aliuliza.

Nilimweleza yote. Akaweka blauzi chini, akakaa juu ya robota.

"Mama Ismail, pole sana. Lakini msiende. Shahidi hatishwi. Mtajiingiza matatani, na Ismail hamtamsaidia. Halafu, huyo mzee ni mwongo, au amekosea?"

"Kuna tofauti gani?" nilimjibu.

"Kubwa, dada Sitara. Hata mtu mkweli anaweza kukosea. Alimwonaje?"

Wifi akaeleza. Ilikuwa magharibi, na umeme umekatika. Mzee Sadalla alikaa barazani kwake, ng'ambo ya barabara. Mtu alipita mbio, amevaa jezi ya kijani.

"Siku hiyo kulikuwa na mechi?" Leticia aliuliza.

Wifi aliguna. "Ilikuwepo. Na huku Jangwani siku ya mechi nani havai kijani cha timu yetu? Hata mimi nilivaa."

"Ndiyo maana mahakama inapaswa kuuliza. Mwanga ulitoka wapi, na ulitosha? Shahidi alikuwa mbali au karibu? Alimtazama kwa muda gani? Alimjua kabla?"

"Anamjua tangu mtoto," nilisema.

"Hata unayemjua unaweza kumfananisha. Jioni ile mzee aliwaambia polisi nini?"

"Aliwaambia kaona mtu wa jezi ya kijani. Jina la Ismail alilitaja baadaye, mtaa mzima ulipokuwa unanong'ona."

"Shahidi anayemtambua mtu humtaja mapema. Akichelewa, mahakama inatakiwa kuwa na shaka."

"Na ile sahihi?" wifi aliuliza polepole.

"Sahihi siyo mwisho. Mtu lazima akiri kwa hiari yake. Akisema alipigwa, kesi inasimama kwanza, na jambo hilo linachunguzwa peke yake. Upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kuthibitisha kwamba alikiri kwa hiari. Walifanya hivyo?"

"Hapana. Wakili wake alipinga, lakini karatasi ikasomwa tu."

"Basi akate rufani. Atoe taarifa ndani ya siku thelathini tangu siku ya hukumu. Mkuu wa gereza ataipeleka. Na kesi ya mauaji, asiye na uwezo anapewa wakili bure."

Wifi alifuta machozi kwa khanga ya sare. Kesho yake alikwenda gerezani kumweleza mwanawe. Mimi nilimpigia Zahoro na kumwambia asubiri.

"Mpaka lini, shangazi?"

"Mpaka nikuite."

Tulisubiri sana. Siku ikafika, na Mahakama ya Rufani ikasoma uamuzi. Majaji walisema shahidi hakueleza mwanga ulitoka wapi, na jezi siyo uso. Waliondoa yale maelezo, kwa sababu hiari ya Ismail haikuchunguzwa. Ushahidi uliobaki haukutosha. Aachiwe huru. Wifi alikaa sakafuni pale pale, akawa analia na kucheka kwa pamoja.

Nikamwita Zahoro.

Tulipofika nyumbani, Ismail aliomba jezi yake ya kijani. Mama yake akasita. "Yoyote, baba, lakini siyo hiyo."

"Mama, jezi haijaua mtu," Ismail alisema, akaivaa.

Tukatoka mchana kweupe na sare zetu, matarumbeta mbele. Mtaa wote ukafuata ukicheza. Tulipofika kwa Mzee Sadalla, mzee alisimama barazani. Alidhani tumekuja kumsuta. Zahoro akanyamazisha matarumbeta, akanitazama mimi. Na mimi, na mdomo wangu wote, nikampisha Ismail.

Ismail akasogea. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Njoo hapa penye mwanga."

Mzee alimshika mashavu kwa mikono yote miwili, akamtazama kwa muda mrefu.

"Ismail," alisema huku machozi yanamtoka. "Leo ndiyo nimekuona. Nisamehe, mjukuu wangu."

"Nimeshakusamehe, babu."

Kigelegele cha kwanza alipiga wifi.