Kifundo cha Kulia

Adija alikuwa anachambua maharage simu ilipolia. Ni Chabani, shemeji yake.

"Gari imenasa mu korongo. Niko na mama. Maji inapanda."

Mama ni Bibi Fatouma, mkwewe Adija: mzito, miguu imepooza. Hapakuwa na wa kumbeba kwenye utelezi ule. Adija akamwachia binti yake Amira ungo, akateremka hadi mwisho wa mtaa wao wa Gasenyi. Magharibi ilikuwa inaingia.

Gurudumu la mbele la kulia lilikuwa limezama nusu.

"Nimevuta gia ndogo," Chabani alisema, "lakini mbele haivute."

"Vifundo umefunga?"

"Vifundo gani?"

Adija, ambaye mumewe fundi wa magari alikuwa safarini, akaguna. "Gari ya zamani hii, gia peke yake haitoshe. Unashuka, unazungusha kifundo katikati ya gurudumu ya mbele, kushoto na kulia. Kimoja kikibaki wazi, nguvu yote inapotelea pale. We unaendesha kama abiria."

Akainama, akafunga cha kushoto. Akaanza kuzunguka pua ya gari.

Vyura wakanyamaza.

Harufu... ya udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Huku nimeisha funga," sauti ikanong'ona.

Mtu alikuwa amechuchumaa majini, uso hauonekani. Adija akashukuru bila kuuliza, akapanda.

"Twende."

Gari likanguruma, likapanda. Nyuma yao maji yakafunika pale lilipokuwa.

Walipofika barabara kavu, Adija akashuka kufungua vifundo. Cha kushoto akakifungua. Cha kulia...

Kilikuwa wazi.

Hakikuwa kimeguswa. Lakini kwenye tope la rimu, pande zote, palikuwa na alama za vidole. Vingi. Virefu.

"Yule mutu ulimuona?"

"Mutu gani? Upande ule ni shimo, shemeji."

 Nyumbani Adija akasonga ugali, akapakua samaki wadogo wa ndagala, wakaketi.

"Yule wa kwenye dirisha ya gari ana adabu," Bibi Fatouma alisema. "Ulipokuwa unainama kule kushoto, aliniuliza kwetu tunakula wangapi."

Mkono wa Adija ukasimama juu ya sahani.

"Ukamujibu?"

"Wanne. Mutu anatusaidia, nimunyime jibu?"

Adija akatazama mkekani. Bibi. Chabani. Amira. Yeye mwenyewe. Wanne. Wote wapo.

"Kuleni," akasema.

Hakutaka kuhesabu tena, asije akapata watano.