Kutu Katika Kamera ya Kendi

Karambu aliifuta ile kutu jioni, na asubuhi ikawa imerudi. Vibati vyembamba vya shata, vinavyofunguka na kujifunga ndani ya lenzi, vilikuwa vyekundu tena kana kwamba havijaguswa. Tena vilikuwa na joto. Tangu lini kutu ikawa na joto? Karambu alisema ni unyevu wa mvua hizi, akachukua pamba nyingine.

Msimwone mjinga. Alikuwa fundi cherehani pale Nchiru, na fundi cherehani akiona chuma kimekwama hukimbilia chupa ya mafuta. Ndilo lilikuwa kosa lake. Alidondosha tone moja la mafuta ya mashine, vibati vikagandana kabisa. Kumbe shata haitaki mafuta, inataka kukauka! Alipoelezwa na video kwenye simu alijitukana, akaanza upya kwa petroli ya kujazia kiberiti na kijiti cha pamba, akikwangua kutu polepole kwa raba ya penseli.

Kamera ilikuwa ya Kendi, bintiye wa pekee. Aliinunua kwa mchuuzi wa mitumba aliyeitoa Mombasa, akawa anawapiga wanafunzi wa chuo picha za filamu, za kizamani, na wao wanazipenda kweli. Kisha homa ya mapafu ikamchukua hata kabla mama yake hajaelewa kwamba anaumwa sana. Karambu hakutaka makubwa. Alitaka kusikia tena ule mlio wa shata, kla, kwa sababu nyumba ilikuwa imenyamaza mpaka inauma.

Mchana mmoja mvua ikinyesha, vibati vilifunguka. Kla. Harufu ya udi ikajaa chumba, na Karambu ni mtu wa Methodist, udi angeutoa wapi?

"Mama," ikaita sauti kutoka ndani ya lenzi.

Ilikuwa sauti ya Kendi, na mkwaruzo wake wa kooni.

"Kendi? Ni wewe, mtoto wangu?"

"Ni mimi, mama. Kuna baridi huku. Njoo."

Hapo kutu ikatambaa, vibati vikakwama, sauti ikakatika. Maskini, alilia mpaka akakauka. Halafu akasafisha tena. Kuanzia hapo cherehani ilikaa bila kazi, nguo za watu zikarundikana, na kila alipomaliza kusafisha alizungumza na lenzi mpaka kutu iifunge. Akaanza kukohoa. Alichokohoa kilikuwa chekundu, chenye chengachenga kama za kutu.

Khadra, jirani yake muuza vitambaa, alikuja kuuliza kulikoni.

"Mama Kendi, ni nini hiyo unakohoa?"

"Vumbi tu."

"Vumbi gani? Na hiyo udi, nani amechoma?"

"Shh! Atakusikia."

"Nani?"

Karambu alinyoosha kidole kwenye kamera, na wote wawili wakasimama bila kupumua huku mvua ikipiga mabati, na udi ukizidi mpaka macho yakawawasha, na kutoka kwenye kile kitundu cheusi sauti ikaja taratibu, ya upole, ya mtoto aliyechoka kungoja: "Mama, mbona umenyamaza? Njoo karibu. Liweke jicho lako hapa."

Khadra alimshika mkono, akamvuta hadi mlangoni.

"Walahi, huyo si Kendi," alinong'ona.

"Ni sauti yake!"

"Sauti ndiyo. Lakini Kendi alisema 'njoo' lini? Kila siku alikuwa ananiita, 'Anti Khadra, kuja uone!' Na mimi namcheka. Hiyo Kiswahili ni ya pwani, mama. Hiyo kitu haikumjua mtoto wako. Imevaa tu sauti yake."

Karambu alitaka kubisha, lakini akakumbuka jinsi Kendi alivyomwita kutoka jikoni, kutoka bafuni, kutoka kitandani siku ile ya mwisho, na hakuna hata mara moja aliyosema 'njoo'.

"Usiisafishe tena," Khadra akasema. "Hiyo kutu ndiyo inaifungia ndani. Mjomba wangu Sahal huko Maua husomea watu Kurani. Wacha nitoke nje nimpigie, hapa ndani netiwaki hakuna."

Karambu akabaki peke yake. Kutu ilikuwa imeshafunika karibu kitundu chote, umebaki ufa tu. Angekaa kimya kidogo, mambo yangeisha. Alijua. Alijua vizuri kwamba mwanawe amelala kule shambani chini ya udongo, na kwamba akitoka hapa hatamsikia tena maishani.

"Mama, njoo," ufa ukaita.

Alifuta machozi kwa vidole vyekundu, akachovya pamba kwenye petroli.

"Hapana," alinong'ona. "Yeye hasemi hivyo. Sema, 'Mama, kuja.'"