Shilinde Ameona

Siku Yudith alipoingia dukani kwa Shilinde kununua panadoli, Mikumi ilikuwa imefurika malori. Yalikuwa yamepanga foleni kando ya lami kuanzia kituo cha mafuta mpaka kwenye mabanda ya chipsi, madereva wakipiga honi bila sababu ya maana, wauza mahindi ya kuchoma wakikimbilia madirisha ya mabasi ya Iringa. Yudith aliteremka kwenye Noah iliyotoka Kilosa, amevaa gauni la kitenge cha bluu lililomkaa vizuri kiunoni, na raba zilizokuwa nyeupe asubuhi. Kichwa kilikuwa kinamgonga. Akaona kibao kimeandikwa DUKA LA DAWA, maneno mengine yamezibwa na tela la lori, akaingia bila kuuliza mtu.

"Kaka, naomba panadoli."

Kijana aliyekuwa nyuma ya kaunta alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka kola imesimama yenyewe. Alimtazama mteja wake juu mpaka chini, taratibu, uso mkavu.

"Panadoli sina, dada. Dawa ya minyoo ninayo, ila lazima kwanza nijue uzito wako."

"Unasemaje wewe?"

"Na kama ni kupe, utasimama pale nje kidogo nikunyunyizie."

Yudith aligeuza macho ukutani. Kulikuwa na picha za ng'ombe, mbuzi, na jogoo mmoja mwenye afya ya kutisha. Alicheka mpaka akashika kaunta, na kile kicheko kikamzidishia maumivu ya kichwa.

"Kumbe ni la mifugo!"

"La mifugo, mama. Lakini kaa hapo."

Akatoka mbio, akavuka barabara katikati ya malori, akarudi na panadoli na chupa ya maji baridi. Namba ya simu iliombwa na kutolewa kabla kidonge hakijafika tumboni.

Wiki iyo hiyo wakakutana tena, safari hii Kilosa mjini, katika ofisi ndogo ya mradi jirani na stendi. Yudith ndiye aliyetengeneza Ujirani, ukurasa wa mtandaoni ambao wakulima na wafugaji wa bonde lile wangeutumia kwa pamoja ili ng'ombe wasiingie mashambani. Mwakilishi aliyetumwa na wafugaji kujifunza namna ya kuutumia akaingia mlangoni, na alikuwa Shilinde.

"Daktari wa kupe!" Yudith akasema.

"Mgonjwa wangu! Umepona?"

Bosi wa Yudith, Bi Odilia, akakohoa, na mafunzo yakaanza.

Ukurasa ule ulikuwa na vidirisha vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha wakulima: unagusa shamba lako, unaandika umepanda au umevuna. Cha pili kilikuwa ramani ya njia za ng'ombe, kijani pita, nyekundu usipite. Cha tatu kilikuwa cha ujumbe, na chini ya kila ujumbe yalitokea majina ya waliouona.

"Yaani mkulima akisema amepanda, ramani yangu inageuka nyekundu?" Shilinde akauliza.

"Hapo hapo."

"Maana sisi huwa hatuufungi ukurasa. Porini hakuna mtandao. Mtu anaufungua huku Mikumi, anaondoka nao ukiwa wazi hivyo hivyo mfukoni, hata wiki nzima."

Hayo ndiyo maneno yaliyopaswa kumfanya Yudith aketi chini na kalamu. Aliyasikia, ndiyo, lakini alikuwa anaangalia vidole vya Shilinde vilivyoshika simu. Yudith alikuwa mtu wa haraka. Alikula amesimama, alijibu kabla swali halijaisha, na siku ile alijibu, "Haina shida, ukirudi kwenye mtandao itajirekebisha," jambo ambalo hakuwahi kulijaribu hata mara moja.

Basi mapenzi yakaingia kwenye simu. Kila jioni ilikuwa hivyo.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ugali na mlenda."

"Mlenda tena! Wewe mwanamke utateleza unikimbie."

"Nitateleza niende wapi na umeshanishika?"

Jumapili moja moja Shilinde alipanda kwenda Kilosa na shati lake la pasi, wakatembea kutoka sokoni mpaka stesheni, Yudith akitangulia hatua mbili mbele kwa ile haraka yake.

"Kwenu nitakwenda lini?" Shilinde akauliza siku moja.

"Kwetu ni kwa mjomba. Baba akikubali na mjomba Evarist akakataa, ujue hujakubaliwa. Ndivyo tulivyo."

"Basi kuanzia leo nampenda mjomba."

"Umpende polepole. Hawapendi ng'ombe yule mzee, amelizwa nao huko nyuma."

"Atawapenda. Mkishavuna tu, naja."

Mahindi ya mjomba Evarist hayakuvunwa. Alhamisi moja, yakiwa yamefika magotini, ng'ombe wa ukoo wa kina Shilinde walipita katikati yake, na walipotoka upande wa pili lilibaki tope. Mzee alimpigia mpwa wake simu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Yudith.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nilichelewa, lakini Jumatatu niliandika kwenye ule mtambo wako kwamba nimepanda. Nikatuma na ujumbe. Angalia mwenyewe."

Yudith akafungua ukurasa. Shamba la mjomba lilikuwa limewekewa alama tangu Jumatatu. Ramani ilikuwa nyekundu. Ujumbe ulikuwepo, na chini yake maneno mawili: Shilinde ameona.

Akapiga simu Mikumi.

"Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Nimefanya nini tena, mpenzi?"

"Usijifanye. Mahindi ya mjomba wangu! Imeandikwa hapa umeona."

"Yudith, sijaona kitu. Ramani ilikuwa kijani, ndiyo maana niliwaambia wapite."

"Ni nyekundu! Naiona hapa, nyekundu tangu Jumatatu!"

"Kwako nyekundu. Kwangu kijani."

"Kazi yangu naijua mimi. Haidanganyi. Basi anayedanganya ni wewe."

Simu ikakatwa. Alipiga tena, ikaita bila kupokelewa. Akamwandikia kwenye Ujirani: Pokea simu. Chini yake pakatokea mara moja: Shilinde ameona. Akaandika tena kesho yake, na kesho kutwa, maneno makali na maneno ya kubembeleza. Shilinde ameona. Shilinde ameona. Na jibu hakuna. Enyi mliowahi kusubiri jibu la mtu aliyeona, mnajua usingizi wa Yudith ulikuwaje. Alizunguka chumbani, akafua nguo safi, akachemsha chai akaisahau jikoni. Alimchukia, na katikati ya kumchukia alimtamani.

Mkutano ukaitishwa Kilosa. Uamuzi ulijulikana kabla ya kikao: ng'ombe wa ukoo ule waondoke bondeni moja kwa moja, na wenyewe walishaanza kuzungumzia kuhamia Chunya. Shilinde naye angefunga duka awafuate.

Bi Odilia akamwita Yudith ofisini. "Kesho wewe ndiye utakayeonyesha ushahidi. Weka kwenye projekta, watu wasome wenyewe kwamba aliona."

"Lazima iwe mimi?"

"Umetengeneza wewe. Kuna mwingine?"

Yudith hakukaa ofisini. Alipanda gari la Mikumi mchana ule ule, akiwa na hotuba nzima ya hasira kichwani, amwambie usoni kabla hajamwambia mbele za watu. Njiani akamtumia ujumbe: Nakuja, usikimbie. Shilinde ameona. "Vizuri," akasema kwa sauti, abiria mwenzake akamwangalia.

Dukani alimkuta Devotha, dada yake Shilinde, akipanga chupa za dawa.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Kwenye ng'ombe, wifi. Tangu Jumapili."

"Jumapili? Mbona nimemtumia ujumbe saa hizi na ameuona?"

"Ameuonea wapi? Simu yake hiyo hapo."

Simu ilikuwa juu ya kaunta, imechomekwa kwenye chaji, peke yake. Shilinde aliiacha akisema haitaki tena machoni pake.

Yudith akaisogelea. Kisha akatoa ya kwake, akaandika neno moja tu: Mpenzi. Simu ya kwenye kaunta ikawaka. Hakuna aliyeigusa, Devotha alikuwa ameshika chupa mikono yote miwili. Na kwenye simu ya Yudith, wakati huo huo, pakaandikwa: Shilinde ameona.

Akaivuta ile simu. Ukurasa ulikuwa wazi, haujafungwa tangu aondoke nao porini wiki ile ya msiba wa mahindi. Kidirisha cha ujumbe kilikuwa kimejaza maneno yote aliyomwandikia, kimeyapokea chenyewe na kumwekea sahihi mwenye simu. Kidirisha cha ramani, hapo hapo juu yake, bado kilionyesha hali ya siku ile kilipofunguliwa. Njia ya kwa mjomba ilikuwa kijani.

Yudith akakaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe. "Devotha, nimemmaliza kaka yako."

"Mzima yule, wifi, anawanywesha."

Yudith akalia, na Devotha, ambaye hakuelewa lolote, akamfunga kanga mabegani.

Ukumbi wa mkutano siku ya pili ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Wakulima walikaa upande mmoja, wafugaji upande mwingine, na Shilinde nyuma kabisa, kola imelala. Mjomba Evarist alikuwa mbele, koti limefungwa vifungo vyote. Ndiye aliyemsomesha Yudith, na kila aliyekuwa upande ule alijua hilo. Bi Odilia akawasha projekta.

"Shikamooni wazee wangu," Yudith akaanza. Hapo ndipo alipotamani kweli kukimbia, maana mlango ulikuwa karibu. "Nimeambiwa niwaonyeshe kwamba Shilinde aliona ujumbe. Hakuona. Ukurasa wangu ndio uliosema ameona."

Ukumbi ukaanza kunguruma.

"Nisikilizeni. Mle ndani nimeweka vidirisha vitatu, na kila kimoja nilikipa kumbukumbu yake. Nilidhani kwa kuwa viko ukurasa mmoja, anachojua mmoja wanajua wote. Haikuwa hivyo. Cha ujumbe, kila kilipodaka mtandao kidogo, kilipokea habari kikasema mwenye simu ameona, hata simu ikiwa mfukoni. Cha ramani hakikumuuliza mwenzake kitu, kikabaki na habari ya zamani. Nilipaswa kuweka kumbukumbu moja, kama mnavyoweka katibu mmoja kwenye kikao, vidirisha vyote viulize kwake. Tena wafugaji waliniambia kwamba hawaufungi ukurasa. Waliniambia, sikutilia maanani."

Mjomba Evarist akasimama polepole.

"Kwa hiyo mahindi yangu umeyala wewe?"

Watu wakacheka, halafu wakaona uso wa mzee wakaacha.

"Ndiyo, mjomba," Yudith akasema, machozi yakimshuka. "Nimeyala mimi."

Mzee akaketi.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Wakulima wawili watatu walipiga kelele kwamba hawataugusa tena ule mtambo, Bi Odilia akatangaza kwamba Ujirani unafungwa na Yudith anapumzishwa kazi mpaka atakapoitwa. Wafugaji wakasema watatoa jembe la kukokotwa na watu wa kupanda upya shamba la mzee. La kuhamishwa kwa ng'ombe likafutwa.

Shilinde alimkuta nje, chini ya ukuta wa ukumbi, akifungua na kufunga zipu ya begi lake.

"Umenisafisha mbele za watu," akasema. "Wabeja. Asante."

"Usinishukuru, Shilinde."

"Lakini watu hawakuniumiza. Iliniumiza ile simu yako. Ulipiga ukaanza kunihukumu. Ungeniuliza tu: ulijua?"

Yudith akainua uso. "Ulijua?"

"Sikujua."

"Nakuamini."

"Sasa hivi una ushahidi, mama. Kuniamini ni kazi rahisi."

Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Malori ya mbao yalipita barabarani, vumbi likawapita, wakasubiri. Yudith akafuta macho kwa kiganja.

"Basi niambie kitu ambacho siwezi kukipima popote."

Shilinde alitazama barabara, akatazama viatu vyake, akamtazama yeye.

"Nitakuwa na wewe mpaka tuwe wazee hatuna meno."

"Nakuamini," Yudith akasema, na safari hii ile haraka yake ilimfaa.

"Hujafikiria hata kidogo!"

"Sifikirii."

Shilinde akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, akamshika mkono, na Yudith akauficha uso wake kifuani pa shati ambalo halikupigwa pasi. Nyuma yao mtu akakohoa. Wakaachiana ghafla. Mjomba Evarist alikuwa amesimama hapo na fimbo yake, na hakuna aliyejua amesimama tangu lini.

"Shikamoo mzee," Shilinde akasema, ameinama nusu.

"Marahaba."

Mzee akampima kijana kwa macho, kola mpaka viatu. Kisha akaanza kuondoka zake kuelekea stendi, akasema bila kugeuka:

"Ng'ombe wenu kwangu wameshapajua. Wewe ndiye hujafika."