Amina Niliyoitikia Mbele ya Wakwe

Nina umri wa miaka sitini na tisa, mjane, na ninaishi Makongeni, Thika. Nimemtumaini Mungu tangu utotoni na hajawahi kuniacha. Nayasema haya mapema, wasomaji wenzangu, ili mtu asidhani ninamlaumu Yeye. Kosa lilikuwa la mdomo wangu!

Kwa miaka kumi na minane niliomba pamoja na jirani yangu, nitamwita Mama Shiru. Kila Alhamisi tulipiga magoti sebuleni kwangu. Mmoja akiomba kwa sauti, mwenzake huitikia "Amina" kila anapotua.

Hapo ndipo nilipomtaja binti yangu wa pekee, Wanjiru. Alikuwa amefanyiwa upasuaji, na daktari akasema hatapata mtoto. Alinisihi nisimwambie mtu yeyote. Nami nilijiambia kwamba kumwambia Mungu si kumwambia mtu... Kumbe mtu alikuwa amepiga magoti kando yangu!

Mungu alijibu. Wanjiru alipata mchumba wa Ruiru, kijana mpole. Alimweleza kila kitu, naye akasema anamtaka hivyo hivyo. Nililia kwa shukrani! Lakini mwaka huo huo, Shiru, binti ya rafiki yangu, alikuwa ameachwa na mchumba wake. Kwa nini sikuona jinsi mama yake alivyoanza kunitazama?

Siku ya ruracio, watu wa Ruiru walipokuja kuzungumzia mahari, nyumba ilijaa. Mukimo ulipoletwa mezani, nilimwomba Mama Shiru atuombee. Ndiyo, mimi mwenyewe!

Alibariki chakula. Tukaitikia Amina. Akabariki wageni. Amina. Kisha akapaza sauti: "Na Baba, umkumbuke Wanjiru wetu! Yule daktari aliyesema hatazaa kamwe, umwaibishe!"

Nani humkatiza mtu anayeomba? Watu wote walinyamaza. Mdomo wangu tu, kwa mazoea ya miaka yote ile, ukaitikia kwa nguvu: "Amina!"

Nilipofumbua macho, Wanjiru alikuwa ananitazama, birika la kunawisha wageni mkononi.

"Haiya! Kwani ni kweli, mama?" mama ya kijana akaniuliza. Ningekanaje? Nilikuwa nimeshaitikia. Akamgeukia mwanawe: "Na wewe ulijua?"

Yule kijana mpole akatazama viatu vyake, akasema hakujua. Hakujua! Wageni wakaondoka, chakula hakijaguswa.

Nilimfuata Mama Shiru hadi langoni. Akacheka kidogo. "Dada, mimi niliomba tu. Siku hizi kuomba ni makosa?"

Wanjiru alihamia Witeithie, akaacha kushika simu zangu. Miaka mitatu! Mwendo mfupi tu kutoka kwangu, lakini hakunifungulia mlango hata mara moja. Nikaanza kuomba peke yangu, bila sauti, jambo moja tu: nimsikie tena.

Wazazi wenzangu, ombeni bila shaka yoyote, kwa maana Mungu husikia. Lakini siri ya mtoto wako mpelekee Mungu peke yake. Hahitaji shahidi ndipo akusikie. Msipite nilikopita mimi!

Jumapili iliyopita, nikimenya viazi, simu ililia.

"Mama, bado unaniombea?"

"Kila siku, mwanangu."

"Basi endelea. Lakini usitaje jina langu. Mungu ananijua."

Akakata.

Nilikuwa nimejibiwa. Amina ikanijia hadi kwenye ulimi... nikafunga mdomo, nikaiacha ibaki moyoni.