Gauni Lililopunguzwa Mara Tatu

— Punguza tena, mama mdogo. Hapa kiunoni.

Fundi alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni. Gauni hili, ambalo binti wa mchumba wake angelivaa siku ya harusi yao, alishalipunguza mara mbili wiki hii. Leo lilining'inia kama limetundikwa msumarini.

— Umekula nini leo, mwanangu?

— Nimeshiba.

— Sijakuuliza kama umeshiba.

— Ukimwambia baba, sikuiti tena mama mdogo.

Binti alikuwa na miaka kumi na sita, na jina hilo la mama mdogo fundi alilisubiri miaka miwili. Simu ikalia mezani. Ujumbe wa mchumba: "Anakula huko? Nyumbani anasema ameshakula kwako."

Fundi akajibu: "Anakula vizuri, usijali."

— Mama mdogo, mbona giza...

Fundi alimdaka kichwa kikikaribia kugonga cherehani. Binti alikuwa mwepesi kama mtoto wa chekechea, na mikono yake ilikuwa ya baridi.

Kule zahanati, baba mtu aliingia mbio akiwa na sare yake ya udereva.

— Daktari ameniambia hapo mlangoni, moyo unapiga ovyo kwa njaa. Njaa! Na wewe muda huohuo uliniandikia nini?

— Uongo.

— Kwa nini?

— Niliogopa atanichukia. Akinichukia yeye, wewe hutanioa.

Mwanamume akageukia ukuta. Fundi akangoja kuachwa.

— Na mimi nilimwona anakonda, mwanamume akasema. Nikajidanganya kwamba anarefuka tu.

— Msigombane, sauti ikatoka kitandani. Darasani wananiita Pipa. Nilitaka wakiona picha za harusi wanyamaze.

— Harusi si Jumamosi tena, baba akasema.

Fundi akamgeukia.

— Umeniacha?

— Nani kakuacha? Tunaahirisha. Huyu atakuja hapa kutibiwa kila wiki, na peke yangu sitaweza. Ila usinifiche tena kitu.

— Sikufichi. Hata mkinichukia wote wawili.

— Mimi nimeshakuchukia, mama mdogo, binti akanong'ona. Kidogo tu.

Muuguzi akaleta bakuli la uji. Kijiko cha kwanza kikapita, cha pili kikapita. Cha tatu kikasimama karibu na mdomo.

— Kesho, binti alisema, akakirudisha.

Fundi alitamani kumbembeleza, kumlazimisha, kulia. Akafunika bakuli.

— Haya, kesho. Saa mbili asubuhi nitakuwa hapa.