Nyumba Iliyoitikia Hodi

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa tairi. Athanas alichuchumaa, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akasoma wiki na mwaka wa kutengenezwa, akaweka alama kwenye karatasi yake. Tairi nne, zote mpya. Hakuna neno.

"Baba, saa kumi na mbili tunafunga," alisema Vumilia, wakala aliyeshughulikia mzigo. "Weka sahihi tu. Kitu kina lakiri tangu bandarini, nani kakigusa?"

"Sisaini nisichokikagua, mwanangu."

"Haya. Mimi nipo ofisini. Usije ukahesabu na misumari."

Trela lile lilikuwa nyumba nzima ya kuvutwa na gari: kitanda, jiko, choo, mapazia ya kijani. Euphrasia, mkewe, ndiye aliyelichagua, Athanas alipokaribia kustaafu upimaji wa migodi kule Geita. Wangezunguka nchi, wakilala popote gari litakapochoka. Kisha koo la Euphrasia likaota uvimbe. Miezi minne ya mwisho hakuwa na sauti. Alipomhitaji mumewe aligonga ukuta kwa pete. Mara mbili, kimya, mara moja. Walimzika kijijini Didia mwezi wa tatu. Trela likafika bandari kavu ya Isaka mwezi wa kumi.

Bujiku, mlinzi wa yadi, mzee aliyevaa koti la mvua siku isiyo na wingu, alileta mkasi wa kukatia lakiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Injinia. Hii nyumba ina miguu! Mama akinuna, anaondoka nayo."

"Mama ametangulia."

Tabasamu la mzee likafa. "Pole, baba. Ulimi wangu huu."

Athanas alikata lakiri. Akavuta mlango, akainua mguu, na mdomo ukafanya ulichozoea tangu utotoni.

"Hodi."

"Karibu."

Sauti ya mwanamke. Ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Aligeuka. Bujiku alikuwa amerudi nyuma hatua tatu.

"Umepiga hodi," mzee alinong'ona. "Nyumba haina mtu, jua linazama, na wewe unaipigia hodi?"

"Mazoea tu."

"Ukipiga hodi umekubali kwamba ina mwenyewe. Toka hapo, Injinia."

Athanas alikuwa ameishi kwa vipimo. Jua la jioni, kelele za malori, mgane wa miezi saba: kichwa kinaweza kusema chochote. Akaingia.

Taa, sawa. Raba za mlango, sawa. Harufu ya gundi na plastiki. Alizungusha bomba la jiko ili aone tu kama halijakwama. Tangi lilikuwa halijawahi kutiwa maji.

Maji yalitoka.

Mekundu, mazito, yenye harufu ya udongo uliochimbuliwa leo. Alifunga. Yakaendelea kudondoka... tone... tone...

Pembeni ya sinki palikuwa na pumba za mchele, kiasi cha kujaa ngumi. Alizigusa. Zilikuwa vuguvugu.

Kila mtoto wa Usukumani anajua ni nani hulishwa pumba. Msukule: mtu ambaye ndugu zake wamemlilia na kumzika, kumbe waliyemzika siye, naye kafichwa na aliyemroga. Athanas hakuwahi kuamini mambo hayo. Alijikuta akikitazama kitanda.

Chini ya godoro kulikuwa na sanduku la kuwekea vitu, lenye kifuniko cha mbao.

Ko, ko.

Kimya.

Ko.

Karatasi ilimponyoka.

"Euphrasia?"

"Usifungue, Baba Noela."

Sauti haikutoka kitandani. Ilitoka nyuma yake, karibu na sikio. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya kabla ya ugonjwa, ile ambayo Athanas huisikiliza kwenye simu katika ujumbe wa kuagiza vitunguu. "Huyo siye mimi. Weka sahihi, mume wangu. Twende nyumbani kwa Noela."

Noela, binti yao, alikuwa Geita, peke yake, akimsubiri.

Ko, ko...

Ko.

Polepole zaidi. Kama mkono unaochoka.

Akalisukuma godoro, akaweka kiganja juu ya kifuniko. Mbao zilikuwa za baridi.

"Nimesema usifungue." Sasa sauti haikuwa na pumzi ndani yake.

"Injinia!" Bujiku alimshika shati kutoka mlangoni, akamvuta. Wakaanguka pamoja kwenye changarawe. Nyuma yao mlango ulijifunga taratibu, kwa adabu.

Athanas alipopata pumzi alimweleza mzee yote, kwa mpangilio, kama anayesoma ripoti.

"Msukule hasemi," Bujiku alisema. "Hukatwa ulimi. Anayegonga ndiye anaweza kuwa wako. Huyo anayesema... ndiye anayemchunga."

"Nikiliacha hapa?"

"Mzigo usiochukuliwa hupigwa mnada. Atakwenda na mnunuzi."

Mzee akasogea karibu zaidi.

"Wazee walisema mtu wa namna hiyo hufunguliwa penye kaburi lake, mchana, na asitazamwe akitoka. Akapumzike. Walisema. Mimi sijamwona aliyefanya."

Asubuhi Athanas alitia sahihi.

"Si nilikwambia ni kipya?" Vumilia alicheka.

Alilifunga trela nyuma ya gari. Alimpigia Noela, akamwambia afunge milango na asifungulie mtu yeyote, hata sauti anayoijua. Binti akauliza kuna nini. Akamjibu kwamba atamweleza akifika. Kisha akaendesha mpaka Didia, redio imezimwa, na njia nzima hakusikia chochote.

Saa tatu alisimamisha gari kando ya kaburi. Aliufungua mlango wa trela wazi kabisa. Alifumba macho, akaingia akipapasa, akakipata kifuniko, akakiinua. Harufu ya udongo ikampiga usoni. Alirudi nyuma vilevile, akipapasa, akashuka, akakaa chini, akaligeuzia trela mgongo.

Springi zililia. Trela likainuka kidogo, kama linavyoinuka mtu akishuka.

Majani makavu yalivunjika upande wake wa kushoto... hatua moja... nyingine... Zikampita. Zikaisha.

Kilishuka kitu kimoja.

Alingoja cha pili. Springi hazikulia tena.

Athanas hakugeuka. Kilichobaki ndani ama kingegonga, ama kingesema, na hapo ndipo angejua amemfungulia nani. Alikaa pale, mikono juu ya magoti, akasikiliza.