Transista ya Marehemu Alexander

Kuna watu ambao ujuzi wao ni laana, na Kipngeno, fundi wa redio pale Sosiot, alikuwa mmoja wao. Alasiri hiyo ya mwaka wa tisini na tatu mtoto wake wa kwanza alikuwa na siku moja tu duniani, na alikuwa amekataa majina yote. Nyuma ya pazia Chepkemboi, mama yake Kipngeno, alimwekea mjukuu ugoro puani na kumwitia wazee wa ukoo waliokufa, mmoja mmoja. Mtoto akipiga chafya kwa jina fulani, basi mzee huyo ndiye amerudi. Waliitwa kumi na wawili. Kimya.

Mbele ya pazia Kipngeno alikuwa na shida yake. Alitaka kupandisha umeme wa betri ya gari, volti kumi na mbili zifike mia nne, autie kwenye waya wa boma la ng'ombe. Koili ilikuwa tayari. Transista, kile kipande cha kukatakata umeme, ndiyo iliyomshinda. Zile za kawaida huvumilia volti sitini hivi, na koili ilirusha mamia. Alikuwa ameshaunguza tatu. Akamwaga zilizobaki mezani, naye, mjinga huyu, akaanza kuzisoma namba zake kwa sauti akimwigiza mama yake, eti ni utani.

"2N3055, unakuja? BD139, unakuja? BU508, unakuja?"

Mtoto akapiga chafya.

Janeffer, mkewe, akacheka kwa uchovu pale kitandani. Chepkemboi hakucheka.

"Umeita nani?"

"Si mtu, mama. Ni transista. Nilitoa kwa TV ya marehemu Alexander."

Alexander wa Kiptere alikutwa amekufa mbele ya TV hiyo, nayo inawaka bila betri. Watu walisema alifuga jini. Mjane wake aliitoa bure na hakutaka hata kumkaribisha fundi ndani.

"Tupa hiyo kitu kwa choo," Chepkemboi alisema. "Sasa hivi! Kabla ishike mtoto."

"Mama, hii inabeba volti elfu moja mia tano. Ingine nitatoa wapi?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Akaichomelea, akaunganisha betri.

Koili ikaanza kulia, sauti nyembamba ya kuumiza meno. Mita ikapanda mia mbili, mia tatu, mia nne. Akaigusa transista, akaikuta baridi, naye akafurahi, mjuaji yule, asijiulize joto linakwenda wapi, hata mvua ya mawe ilipoanza kupiga mabati na harufu ya nywele zinazoungua ikapenya pazia na Janeffer akawa anasema kwa kunong'ona, kana kwamba kuna mtu asiyetakiwa kuamshwa, kwamba mtoto anachoma, anachoma mikono, jamani, mtoto anachoma.

"Zima," mama yake akanong'ona. "Kipngeno, zima."

Akang'oa nyaya za betri. Mita ikaanguka hadi sifuri. Akaikata transista miguu yote mitatu kwa koleo, akaitupa nje kwenye mvua.

Mlio haukukoma.

Uliendelea vilevile, mwembamba, bila kuvuta pumzi, kutoka nyuma ya pazia. Janeffer akapita mbio mikono mitupu, akatokea mlangoni, hakugeuka. Kisha Chepkemboi akaja polepole, amebeba blanketi mbali na kifua chake.

"Shika mtoto wako," alimwambia. "Mimi huyu sikumwita."